Kampala–Masindi–Hoima wikendi ya kiangazi: fuata saa za moto wa nyika

Ndugu zangu, kuanzia Desemba hadi mvua za Machi swali huwa lile lile: wikendi hii naweza kuwapeleka watoto Masindi, au nyika yote inawaka? Unaweza. Ila ratiba ya siku ipangwe kwa kufuata moto, maana moto wa nyasi una saa zake na ukizijua umeshajiepusha na hatari nyingi. Njia ninayoieleza hapa ni ya mzunguko: Kampala, Bombo, Luweero, Migyera, Kigumba, mnalala Masindi, kesho yake Hoima, Kiboga, Busunju, nyumbani.

Hatua ya 1: Ijumaa jioni, jua moto uko wapi

NASA ina ramani ya bure kwenye intaneti inayoitwa FIRMS. Ifungue kwenye simu, uivute mpaka uone Nakasongola na Kiryandongo, wilaya mnazopita kabla ya Masindi. Vidoti vyekundu ni mahali ambapo satelaiti imeona joto kali. Zile zenye picha nzuri zaidi hupita mnamo saa saba u nusu mchana na saa saba u nusu usiku, na taarifa hutokea ndani ya saa tatu hivi. Kwa hiyo unachokiona Ijumaa jioni ni habari ya Ijumaa mchana, usiifanye ahadi ya Jumamosi. Kidoti kimoja pweke huenda ni mtu anasafisha shamba. Vikijipanga mstari, huo ni moto unaotembea.

Kisha piga simu unakokwenda kulala, uliza: barabara ikoje leo? Jibu la mtu aliye pale lina uzito kuliko ramani.

Hatua ya 2: Toka alfajiri, adhuhuri uwe mjini

Hii ndiyo hatua yenyewe. Asubuhi nyasi zina umande, upepo umelala, na moto uliowaka jana unatambaa tu. Kufika saa tano jua limeshakausha kila kitu. Kati ya saa sita mchana na saa kumi na moja jioni upepo unaamka, na nyasi zinazompita mtu kimo zinawaka kwa kishindo unachokisikia ukiwa ndani ya gari na vioo umefunga. Saa hizo gari langu huwa limeegeshwa mjini, na lako liwe hivyo.

Basi toka Kampala saa kumi na moja alfajiri. Bombo mtapita bado giza. Luweero simameni mnunue mananasi, chai na chapati, msikae. Kuanzia Nakasongola mnaingia nchi ya ng'ombe, nyasi pande zote mbili mpaka mto Kafu, na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Hapo ndipo moto mwingi unapoanzia: mfugaji anataka nyasi changa, mwindaji anafukuza wanyama watoke vichakani, tanuri la mkaa limeachwa bila mtu. Tangu 1974 kuna sheria inayokataza kuchoma nyasi bila idhini ya wahusika, lakini kiangazi kikikaza mnaona wenyewe. Kigumba mnapinda kushoto, na kabla ya saa tano mnakunywa soda Masindi.

Mchana ni wa soko, kula na kupumzika. Mkitaka msitu wa Budongo, wekeni nafasi mapema. Msitu mbichi haushiki moto kirahisi kama nyika.

Hatua ya 3: Jifunze kuusoma moshi

Tazama mwewe. Wakizunguka wengi mahali pamoja, wanashuka na kupanda, wanakamata panzi wanaokimbia moto. Ukingo wa moto uko chini yao. Halafu tazama moshi umelalia wapi. Ukilalia upande wa barabara, moto unakuja kwenu. Vipande vyeusi vya majani vikianza kutua kwenye kioo cha mbele, mko karibu mno: geuzeni, rudini kwenye mji wa nyuma, subirini.

Hatua ya 4: Usiwe wewe uliyeuwasha

Ekzosti ya gari lililotoka kukimbia ni ya moto sana. Ukiegesha juu ya nyasi kavu ili watoto wakajisaidie, zinaweza kushika chini ya gari hujui. Egesha kwenye udongo mtupu, kwenye steji au kituo cha mafuta. Sigara haitupwi dirishani kabisa.

Hatua ya 5: Mkizingirwa

Msikimbie kwa miguu, hakuna anayeshindana na moto wa nyasi wenye upepo. Tafuta mahali palipokwisha kuungua au udongo mtupu, simamisha gari hapo, washa taa, funga vioo na matundu ya hewa. Laleni chini ya usawa wa madirisha, mjifunike blanketi la sufi au leso za pamba, si nailoni. Moto wa nyasi hupita haraka. Ukishapita ndipo mtoke. Polisi ni 999 au 112.

Jumapili tokeni tena mapema. Makaburi ya Mparo, alipolala Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro tangu 1923, yako karibu na Hoima, upande wa barabara ya Masindi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama kutoka Jinja: Mwanangu ana pumu. Nimwache?
Jibu: Dada, muulize daktari wake kwanza. Akikubali, dawa yake ya kuvuta iwe mkononi mwako, isiwe kwenye begi la nyuma. Barakoa ya N95 inazuia chembe za moshi kama inambana usoni vizuri. Ya kitambaa haisaidii. Ramani ikionyesha moto mwingi, ahirisheni.

Kijana wa Mbale: Mzee, mimi nakwenda na pikipiki.
Jibu: Kijana wangu, wewe huna vioo vya kufunga, kwa hiyo hatua ya 5 haikuhusu. Ukiona moshi umekatiza barabara, geuka, hata kama malori yanapita.

Abiria wa Wobulenzi: Sisi wa taksi tufanyeje dereva akitaka kupenya moshi?
Jibu: Semeni wote kwa pamoja, mapema, kabla hajaingia. Ndani ya moshi haoni lori lililosimama mbele yake, na taa kali zinamrudishia mwanga machoni. Hatari kubwa pale ni kugongana. Akikataa, shukeni penye nyumba na watu.

Mwalimu wa Kiryandongo: Mbona ndani ya hifadhi ya Murchison walinzi wenyewe wanachoma?
Jibu: Mwalimu, wao huchoma mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na ubichi, kwa vipande vidogo na watu wakisimamia. Moto mkubwa wa Februari ukifika pale unakuta pameshaungua, unakosa cha kula. Anayechoma Februari saa nane mchana kisha akaenda zake nyumbani anafanya jambo jingine kabisa.