Kuteka Maji katika Chemchemi ya Kijiji Magharibi mwa Kenya

Chemchemi nyingi za Busia, Vihiga na Kakamega hutoka katika shamba la mtu, lakini kwa desturi ya huku mwenye shamba hamnyimi jirani maji wala hamtozi chochote. Kwa sababu hiyo, mgeni anayetoka Kisumu au Nakuru asidhani kwamba kijia cha kuteremkia chemchemini ni njia ya serikali. Ukipita uani mwa wenyewe, piga hodi, uwaamkie wazee na useme umefikia kwa nani. Asubuhi na jioni, watoto wanaporudi kutoka shuleni, foleni huwa ndefu, adhuhuri hutachelewa. Foleni yenyewe hupangwa kwa mitungi wala si kwa watu: mama huweka mtungi wake nyuma ya ule wa mwisho, kisha huketi kivulini au huenda kupalilia mstari mmoja wa mahindi, na mtungi unamtunzia zamu. Usiuruke.

Ungali unasubiri, ichunguze chemchemi. Iliyohifadhiwa ni ile ambayo jicho lake limechimbwa, likajazwa mawe na kokoto, likafunikwa kwa karatasi ya nailoni na udongo wa mfinyanzi, kisha likajengewa ukuta wa saruji wenye bomba, ili maji yatoke ardhini hadi mtungini bila kuguswa na mkono, kwato wala maji ya mvua yanayotiririka. Watu wengi hutazama bomba na kuridhika. Mimi nashauri upande hatua chache juu ya ukuta, kwa sababu huko ndiko usafi wa maji unakolindwa au kuharibiwa. Panapaswa kuwa na ua, nyasi zilizoota vizuri, na mtaro wa kukinga maji ya mvua na kuyapeleka kando. Ukiona choo cha shimo kilicho karibu kuliko mita 30 upande wa mlimani, ng'ombe waliofungwa hapo, au mtaro uliozibwa na mabua ya mahindi, jua kwamba saruji iliyo chini haikusaidii sana. Mikaratusi haichafui maji, ila huyanywa kwa wingi. Wazee wa huku huilaumu kwa kila chemchemi iliyokauka, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mvua. Maji ya chemchemi iliyojengwa vizuri hayabadiliki rangi hata katika masika ya Aprili. Yakigeuka kuwa ya kahawia saa chache baada ya mvua kubwa, maana yake ni kwamba maji ya juu yanapenya bila kuchujwa na udongo, na pamoja nayo vinaingia vinyesi vya mifugo na vya watu.

Hata hivyo, maji safi ya bombani yanaweza kuharibika kabla hayajafika kikombeni. Utafiti uliofanywa Busia na mwanauchumi Michael Kremer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuhifadhi chemchemi kulipunguza bakteria wa kinyesi kwa asilimia 66 kwenye chanzo, lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Kwa hiyo shughulika na mtungi kwanza. Tia ndani kiganja cha kokoto safi na maji kidogo, utikise kwa nguvu mpaka utelezi wa kijani ulioshika pembeni ubanduke, suuza mara mbili, na umwage maji hayo upande wa mteremko, mbali na bomba na wanaoteka. Usitumie mtungi uliowahi kubeba mafuta ya taa. Niliwahi kuuosha mmoja kwa sabuni nikiamini kwamba umetakata. Chai ya nyumba nzima ilinuka taa kwa siku mbili, na shangazi hajawahi kuniacha nisahau. Mdomo nao uuzibe kwa kifuniko chake, si kwa gunzi la mahindi lililookotwa njiani.

Katika baadhi ya chemchemi kuna tangi dogo la klorini lililosimikwa juu ya nguzo. Fungulia kipimo kimoja kiingie katika mtungi mtupu wa lita 20, ndipo ukinge maji. Msukosuko wa maji na mwendo wa kurudi nyumbani vitaichanganya, na baada ya dakika 30 unaweza kunywa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa tope hupunguza nguvu ya klorini. Pasipo na tangi, chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Mgeni wa Nakuru aliyezoea habari za floridi, madini ya majini yanayotia meno rangi ya kahawia, asichanganye mambo: floridi haiondoki kwa kuchemsha, lakini vijidudu hufa.

Kwa kubeba, ngata ya kitambaa kichwani na mtungi usiojaa hadi mdomoni vitakusaidia kwenye kilima chenye utelezi. Nyumbani, palipo na chungu cha udongo cha kupoza maji, kifunike, na uteke kwa kata yenye mkono mrefu inayotundikwa ukutani, kamwe si kwa kikombe unachonywea.