Kutengeneza grili ya wavu ya gari lako nyumbani

Wengi wanaotaka kubadili sura ya gari huanzia kwenye grili, yaani kile kizuizi chenye matundu kilicho mbele ya gari, kwa kuwa ni kazi inayoweza kukamilika kwa siku mbili bila kuchomelea chochote. Kabla ya kununua wavu, hata hivyo, kumbuka kwamba nyuma ya grili ipo kondensa, inayopoza gesi ya kiyoyozi, na nyuma ya kondensa ipo rejeta, inayopoza maji ya injini, na vyote viwili hutegemea hewa inayopita katika matundu unayotaka kuyabadilisha. Somo hili limepangwa kwa kuzingatia hewa hiyo kwanza, kisha urembo.

Kuchagua wavu

Wavu wa aluminiamu wenye unene wa milimita 1 hadi 1.5 unafaa zaidi kwa anayeanza, kwa sababu haushiki kutu nyekundu, hukatwa kwa mkasi wa bati na hukunjwa kwa mkono. Wavu wa chuma ni imara zaidi, lakini kila ncha uliyoikata ni mlango wa kutu usipoipaka rangi vizuri. Wavu wa banda la kuku usiuguse; ni laini mno, na gari likishika mwendo utatikisika na kupoteza umbo.

Ukubwa wa tundu ndio unaowakosesha wengi. Kwa wavu wa matundu ya mraba, chukua upana wa tundu, ugawe kwa jumla ya upana huo na unene wa waya, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Tundu la milimita 9 lenye waya wa milimita 1 huacha wazi asilimia 81 ya eneo lote. Waya huohuo ukiwa na tundu la milimita 3, kinachobaki wazi ni asilimia 56 tu. Mimi sishuki chini ya milimita 8 kwa tundu kuu la mbele.

Hatua ya 1: Kufungua grili

Piga picha kila hatua kabla ya kufungua. Katika baadhi ya magari grili hutoka kwa kufungua skrubu chache za juu na kuachia vibano vya plastiki. Katika mengine ni lazima bampa lote litoke kwanza. Ikiwa kuna nyaya za taa za ukungu au kamera, chomoa terminali hasi ya betri kabla ya kuzigusa. Plastiki ikiwa na baridi huvunjika upesi, hivyo fanya kazi hii gari likiwa limepata jua kidogo.

Hatua ya 2: Kuondoa fito za zamani

Ninakushauri utafute grili iliyotumika ya gari la aina yako, ukate hiyo, na ile ya asili uiweke salama. Msumeno wa mkono ni bora kuliko grainda, kwa sababu diski inayozunguka kwa kasi huiyeyusha plastiki, nayo hugandana tena nyuma ya diski. Acha ukingo wa angalau sentimita 1 kuzunguka fremu yote, kwa kuwa hapo ndipo wavu utakaposhikilia. Sawazisha kwa tupa, kisha kwa msasa namba 120 na 240.

Hatua ya 3: Kiolezo

Hapa usiharakishe. Grili yangu ya kwanza niliikata kwa vipimo vya rula peke yake, na wavu ukapungua sentimita moja upande wa taa, kwa sababu fremu ya grili ina mpindo ambao rula iliyonyooka haiwezi kuufuata. Chukua kadibodi nyembamba, ilaze nyuma ya fremu, chora ukingo wa ndani kwa penseli, halafu ongeza sentimita 2 kila upande kwa ajili ya kukunja na kufungia. Ikate, irudishe kwenye fremu, iinamishe ifuate mpindo, na urekebishe mpaka ikae bila kulazimishwa. Andika juu yake upande wa juu na upande wa mbele. Kadibodi ukiiharibu mara tano huna hasara. Wavu ukiuharibu mara moja umeishiwa.

Hatua ya 4: Kukata na kukunja

Vaa glavu nene na miwani ya kinga, maana vipande vya waya hurukaruka. Kabla ya kukata, hakikisha mistari ya matundu iko sambamba na ukingo wa juu wa grili, kwa kuwa hata mteremko mdogo huonekana gari linapotazamwa kutoka mbele. Wavu uliotengenezwa kwa kuchana na kuvuta bamba una mwelekeo wake: ukiugeuza, mwanga huangukia kwingine na rangi huonekana tofauti. Vipande vyote, basi, vielekee upande mmoja. Kunja kingo kidogokidogo juu ya ubao, si kwa pigo moja la nyundo.

Hatua ya 5: Rangi

Paka rangi kabla ya kufunga. Osha wavu kwa sabuni, ukaushe, ufute mafuta kwa spiriti, na usiushike tena kwa mikono mitupu. Aluminiamu inahitaji praima (rangi ya msingi) yake maalumu, la sivyo rangi itabanduka kama ganda. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, kwa tabaka nyembamba tatu au nne, na ugeuze wavu kila mara ili pande za ndani za matundu zifikiwe.

Hatua ya 6: Kufunga na kujaribu

Tumia bolti ndogo zenye washa za plastiki, ambazo hutenganisha aluminiamu na chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji, aluminiamu huliwa. Ukitumia gundi ya epoksi, kwaruza plastiki kwa msasa kwanza, na gundi uiache ikauke saa 24. Ukishaifunga grili, acha injini iwake mpaka feni ya rejeta ijiwashe, kisha endesha gari huku ukiangalia geji ya joto.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nilifuata maelekezo ya epoksi, lakini baada ya wiki chache wavu umeachia upande mmoja. Nimekosea wapi?*

Ndugu yangu, tazama nyuma ya fremu yako. Ikiwa imeandikwa PP, hiyo ni polipropilini, na epoksi ya kawaida haiishiki hata ukiikwaruza vipi. Epoksi hushika vizuri plastiki yenye alama ya ABS. Kwa PP, tumia bolti.

*Gari langu hupunguza mwendo lenyewe kwa kufuata gari la mbele. Naweza kufunika nembo kwa wavu?*

Hapana. Katika magari mengi ya aina hiyo rada hukaa nyuma ya nembo au chini kwenye bampa, na metali huyarudisha au kuyatawanya mawimbi yake. Tafuta ilipo kwa kutumia kitabu cha gari, na sehemu hiyo iache kama ilivyotoka kiwandani.

*Nimeweka wavu wa mbu nyuma ya grili ili kuzuia wadudu, na sasa geji inapanda nikipanda mlima.*

Utoe leo. Wavu huo huziba hewa hata ukiwa msafi, na vumbi likiushika huwa karibu sawa na kitambaa. Joto likiendelea kupanda baada ya kuutoa, basi kagua maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, na feni yake.

*Wavu unalia nikifika mwendo mkubwa. Niongeze gundi?*

Gundi haitasaidia ikiwa katikati hakuna kinachoushikilia. Ongeza fito moja nyembamba nyuma, kutoka juu hadi chini, na uweke kipande cha mpira kila mahali wavu unapoigusa fito hiyo.