Gari lako la Japani lina rikoli ya stelingi? Namna ya kulikagua

Novemba 2012 Toyota ilitangaza rikoli (kuyaita magari yarudi kurekebishwa kosa la kiwandani) ya magari yapatayo milioni 2.77 duniani, yakiwemo Prius, Corolla na Wish. Kosa mojawapo lilikuwa kwenye shafti ya kati ya stelingi, chuma kinachounganisha usukani na reki (mtambo wa chini unaogeuza matairi): baadhi zilikosa ugumu wa kutosha. Dereva akizoea kukata usukani kwa nguvu mpaka mwisho gari likienda taratibu, kama wakati wa kuegesha, meno ya shafti hulika, plei (ulegevu wa usukani) ikaongezeka, na mwisho usukani unaweza kuzunguka bila matairi kufuata. Gari lililotoka Japani kabla ya tangazo hilo haliwezi kuwa lilirekebishwa huko.

1. Soma namba ya chesisi kwenye gari lenyewe. Kadi ya gari huwa na makosa ya kuandika. Gari la soko la Japani lina herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha namba. Prius ya kizazi cha pili huanza na NHW20. Hii si namba ya tarakimu 17, kwa hiyo mtandao wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hautakusaidia.

2. Tafuta kwa mtengenezaji. Fungua toyota.jp/recall, tumia tafsiri ya simu, ingiza sehemu ya kabla ya kistari na ya baada yake. Majibu huja kwa ngazi tatu: rikoli, kaizen taisaku (hatua za maboresho), na kampeni ya huduma. Mbili za kwanza zinagusa usalama. Usizipuuze.

3. Fungua mlango wa dereva. Karibu na kitasa cha kwenye nguzo, pale mlango unapojifungia, magari mengi yaliyorekebishwa Japani yana kistika kidogo chenye namba ya rikoli. Kikikosekana si ushahidi kamili, maana wapaka rangi hukibandua.

4. Pima plei. Nyoosha matairi, washa gari, bandika tepu kwenye ukingo wa usukani. Sogeza kwa kidole kushoto na kulia mpaka tairi lianze kuitika. Vitabu vingi vya Toyota vinaruhusu isizidi milimita 30.

Ikizidi, usikimbilie kubadili reki. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenzako atikise usukani huku wewe ukiangalia chini, gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake. Shafti ikizunguka na pinioni ya reki (gia ndogo inayopokea shafti) imetulia, meno yamelika au bolti ya kubana imelegea. Pinioni ikizunguka na tairodi (fimbo inayotoka kwenye reki kwenda kwenye tairi) haisogei, kosa ni la reki. Tairodi ikisogea na tairi halisogei, angalia tairodi endi, kiungo cha mwisho wake.

Meno yaliyolika hayaponi kwa kukaza bolti. Plei hupungua kwa siku chache, mteja anashukuru, kisha inarudi. Kuchomelea ni kubaya zaidi: moto unaharibu ugumu wa chuma na kesho shafti haitoki. Shafti iliyotolewa kwenye gari bovu inaweza kuwa ya toleo lilelile lenye kosa. Nunua mpya, itafutwe kwa namba ya chesisi. Kabla ya kulipa, peleka majibu ya hatua ya 2 kwa wakala wa Toyota na uulize kwa maandishi kama rikoli hiyo watalipia vipuri na kazi.

5. Kubadilisha. Toa terminali hasi ya betri, subiri walau sekunde 90 kwa ajili ya eabegi. Nyoosha matairi, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke: ukizunguka ukiwa umeachana na reki, waya wa mzunguko wa eabegi hukatika. Weka alama ya rangi kwenye shafti na pinioni, fungua bolti, toa. Rudisha kwa alama zilezile, bolti mpya, kaza kwa tochi renchi kwa kipimo cha kitabu cha modeli hiyo.

Jaribu kwenye uwanja mtupu kwanza. Usukani ukikaa upande gari likienda moja kwa moja, umeruka jino. Rudia kufunga, usiusahihishe kwa tairodi. Gari lenye VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) huenda likahitaji senza ya pembe ya usukani isetiwe upya kwa skana.