Somo: Mavazi ya kuendeshea baiskeli kwa joto la Dar, tuanzie pale unapokalia

Wanaotaka kuanza kuendesha wikiendi karibu wote huuliza bei ya jezi kwanza. Sawa, jezi ndiyo inayoonekana kwenye picha. Lakini wanaoteremka Bunju au Mapinga, Bagamoyo hata hawajainusa, hawateremki kwa sababu ya jezi. Makalio yanawaka, vidole vimekufa ganzi, paja limechubuka. Mwili unagusana na baiskeli mahali patatu tu: makalio, viganja na nyayo. Pesa yako ianzie hapo, kisha kichwani, na chenji itakayobaki ndiyo uende nayo Karume kwenye mitumba.

Hatua ya kwanza: bukta yenye sponji

Hapa nitakaa sana, maana ndipo watu wanapobania.

Bukta ya baiskeli inabana, imeshonewa sponji katikati ya miguu, na huvaliwa bila chupi. Ndiyo, bila chupi. Mishono ya chupi inapita palepale uzito wako ulipo, na pamba ikishalowa jasho haikauki, inageuka msasa. Ukivaa chupi ndani ya bukta ya sponji umeilipia kazi halafu umeizuia kuifanya.

Dukani usihukumu kwa unene. Bonyeza sponji kwa dole gumba: ikididimia mpaka ukahisi kidole cha upande wa pili, iache, kwa saa ya pili itakuwa karatasi. Sponji nzuri ni ngumu kidogo na inarudi haraka. Kisha igeuze nje ndani. Mishono iwe bapa, isiwe na ukingo unaokwaruza, na usipite mshono katikati kabisa ya sponji. Kwa wanawake hili ni muhimu zaidi. Bukta zao hutengenezwa na sponji pana nyuma na fupi mbele, na ile ya kiume haiwi mbadala mzuri hata kama saizi inakubali.

Ukiijaribu, usijipime umesimama wima mbele ya kioo. Inama kama umeshika usukani, nyanyua goti moja. Ukiwa wima itakuvuta kidogo kiunoni, au mabegani kama ni ile yenye mikanda ya mabegani, hiyo si kasoro. Ikikunjamana kwenye kinena ukiinama, ni kubwa kwako.

Bukta hii nunua mpya. Mtumba wa sponji umeshakaliwa na mtu mwingine, sponji imechoka na umbo lake si lako. Kama unaona haya kupita Mwenge umevaa kitu cha kubana, vaa bukta pana nyepesi juu yake. Wengi hufanya hivyo na hakuna anayewacheka, ila hakikisha haina mshono mnene katikati na haining'inii ikanasa kwenye ncha ya siti unapokaa.

Safari ndefu, paka mafuta ya mgando kwenye mikunjo ya mapaja kabla ya kuvaa. Na ukifika, vua bukta. Usikae Bagamoyo unakula pweza saa mbili nzima na bukta mbichi. Majipu mengi ya siti huota baada ya safari, kwenye joto na unyevu ule.

Hatua ya pili: viganja na nyayo

Mkono unaokufa ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete una mshipa wa fahamu unaobanwa chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Glavu zisizo na vidole zenye pedi upande huo husaidia, pamoja na kubadilisha mshiko kila mara. Pedi nene kupita kiasi hukufanya ukaze mkono zaidi, kwa hiyo usizidishe. Angalia mgongo wa dole gumba: glavu nzuri ina kitambaa cha taulo pale. Kwa jasho la Februari utakitumia kufuta paji la uso kila baada ya dakika kadhaa.

Viatu: raba yenye soli ngumu. Ikunje kwa mikono. Ikikunjika katikati kama chapati, pedali itauchimba unyayo wako. Raba za kukimbilia zina soli laini na nene, hazifai sana hapa. Acha nafasi mbele ya vidole, maana mguu huvimba kwenye joto. Kamba za kiatu cha kulia zichomeke ndani, kwa sababu cheni iko upande huo na haichagui. Suruali pia, mguu wa kulia ukunje au ufunge. Makubazi ya tairi yana soli imara, nakubali, lakini vidole viko nje vinasubiri jiwe.

Hatua ya tatu: helmeti

Hii isiwe mtumba kabisa. Ndani yake kuna povu gumu linalopondeka mara moja ili kulinda kichwa, na likishapondeka halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Ya mtumba huwezi kujua ilishaangukia wapi. Tafuta lebo ndani: EN 1078 ni kiwango cha usalama cha Ulaya, CPSC ni cha Marekani.

Ikae bapa, vidole viwili juu ya nyusi. Wanaoivaa kisogoni kama balaghashia wamebeba mzigo bure, paji la uso liko wazi. Mikanda ikutane chini ya sikio, na kidevuni ipite kidole kimoja au viwili. Kaza kile kigurudumu kidogo cha kubania kilicho nyuma ya helmeti, kisha tikisa kichwa kabla ya kufunga mkanda, isianguke.

Hatua ya nne: fulana, na hapa ndipo mtumba unapong'ara

Pamba tupu hapana. Unataka poliesta nyepesi inayokauka haraka, na jezi za mpira za mtumba zimejaa sokoni. Ichukue inayokaa karibu na mwili, ndefu kidogo nyuma ili mgongo usibaki wazi ukiinama. Kisha mpelekee fundi cherehani akushonee mifuko mitatu nyuma kiunoni, kwa kitambaa kisichovutika sana; ikivutika, simu itaning'inia mpaka kwenye siti. Mifuko hiyo inakuondolea begi la mgongoni, ambalo kwa hali ya hewa yetu ni jiko.

Rangi: nyekundu hufifia mapema giza linapoingia, macho yanaiona kama nyeusi. Njano na kijani kibichi hubaki zinaonekana. Wana Simba mnisamehe, katika hili Yanga wametangulia. Lakini usiku rangi ya kuwaka haisaidii tena, maana inategemea mwanga wa jua. Usiku ni kizibao cha viakisi mwanga kama cha bodaboda, taa, na ukiweza mikanda ya viakisi kwenye vifundo vya miguu. Kitu kinachopanda na kushuka kwenye taa za gari humwambia dereva papo hapo kwamba kuna mtu anapiga pedali.

Mikono mirefu myembamba haileti joto kama unavyodhani. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana linakaa utosini kabisa. Kitambaa kinakinga ngozi vizuri kuliko losheni inayotiririka na jasho.

Hatua ya tano: miwani

Iandikwe UV 400, yaani inazuia miale ya jua inayodhuru macho. Miwani nyeusi isiyo na kinga hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, mboni inatanuka gizani na huenda ikaingiza mionzi zaidi. Kwa wanaotoka saa kumi na moja alfajiri, beba lenzi nyeupe. Vumbi na wadudu hawasubiri kupambazuke.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tabata: Kaka shikamoo. Mimi navaa hijabu na baibui. Je, niache mazoezi?

Marahaba mdogo wangu. Usiache. Baibui na dera ndivyo viache nyumbani, kwa sababu upepo unavipeleka kwenye tairi la nyuma na cheni. Dada zetu wengi huvaa taiti yenye sponji, juu yake suruali pana kiasi inayobana kifundoni, na kanzu fupi ya michezo inayofika juu ya goti, yenye mpasuo pembeni. Hijabu iwe ya kitambaa cha jezi kinachovutika, bila pini, ncha zichomekwe ndani ya fulana. Pini chini ya helmeti ni hatari ukianguka.

Mwanachama, Sinza: Nina rasta ndefu, helmeti haiingii. Ninunue kubwa zaidi?

Kubwa zaidi itacheza, na inayocheza hailindi. Funga rasta chini, kwenye shingo, zisirundikwe utosini. Kisha legeza kigurudumu cha nyuma na ujaribu tena. Na ukiwa mtu wa kubadilisha misuko, pima helmeti ukiwa umesuka, siyo siku umenyoa.

Mwanachama, Kigamboni: Nimenunua siti pana ya jeli badala ya bukta. Bado naumia.

Siti laini sana huwaumiza wengi. Mifupa ya kukalia inazama, na jeli inapanda katikati na kubana nyama laini na mishipa. Siti inatakiwa kubeba mifupa hiyo miwili tu. Angalia pia urefu: ikiwa juu sana, nyonga zinayumba kulia na kushoto, na hapo hata bukta ya bei mbaya itakuchubua. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Ganzi sehemu za siri ikiendelea saa kadhaa baada ya kuteremka, pumzika na umwone daktari.

Mwanachama, Lushoto: Ninyi mnasema joto. Huku asubuhi kushuka Mombo natetemeka.

Pole, ndugu. Lushoto ipo mita kama 1,400 na mteremko huo hupigi pedali, kwa hiyo mwili hautoi joto na jasho la kupanda linakugeukia. Weka gazeti chini ya fulana kifuani, mbinu ya zamani ya waendesha baiskeli wa mashindano milimani, inazuia upepo vizuri sana. Ukifika chini litoe. Glavu zako ziwe za vidole vizima, maana vidole vilivyoganda havikamati breki, na kona zile mnazijua wenyewe.

Mwanachama, Mbezi: Na masika? Koti gani?

Mimi pwani sivai. Koti la plastiki linakulowesha kwa ndani kwa jasho, na mvua yetu si baridi. Kinga simu kwenye mfuko usiopitisha maji, washa taa hata mchana, punguza mwendo kwenye mistari nyeupe ya rangi barabarani kwa sababu inateleza. Kama lazima uvae, tafuta jepesi lenye matundu kwapani.

Mwanachama, Tabata tena: Ahsante kaka. Taiti yenye sponji naifuaje?

Siku hiyohiyo, maji ya kawaida, sabuni ya unga kidogo. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba kitambaa. Usiikamue kwa kuisokota, sponji inakatika. Ikunje kwenye taulo uibonyeze. Ianike imegeuzwa, sponji nje, kivulini penye upepo, na usiipige pasi.