Kutunza na Kuonja Mvinyo Mwekundu wa Shamba Moja Katika Joto la Mtwara

Mvinyo wa shamba moja ni ule ambao zabibu zake zote zimetoka katika ardhi moja, bila kuchanganywa na za kwingine ili kuficha kasoro za msimu, na kwa sababu hiyo tabia ya udongo na ya mavuno yale hubaki wazi katika chupa. Tabia hiyo ndiyo ya kwanza kupotea kwa joto. Anayeagiza mvinyo wa aina hii kutoka Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, aulize mapema chupa zitasafirishwaje, kwa maana buti la basi lililoshinda juani laweza kuuharibu mvinyo kabla haujavuka Rufiji. Niliwahi kupokea chupa sita ambazo vizibo vyake vilikuwa vimechomoza shingoni na lebo zina michirizi ya zambarau iliyokauka. Mvinyo ulikuwa umetanuka kwa joto na kusukuma vizibo, na nilipoufungua ulinukia jamu iliyoungua.

Chupa hutunzika vyema katika nyuzi joto 12 hadi 15, gizani na bila kutikiswa, hali ambayo nyumba ya kawaida ya Mtwara haina. Hila ya kuzungushia gunia bichi husaidia kidogo tu hapa pwani, kwa kuwa hewa yenye unyevu haikaushi maji upesi, na pasipo maji kukauka hakuna ubaridi. Mwenye ndugu Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, anaweza kumwachia chupa zake, kwani kule kuna nafuu, ingawa si ya kuhifadhi kwa miaka mingi. Mimi huziweka katika droo ya mboga ya friji, nimezilaza ili kizibo cha gome la mti kisikauke, na huzinywa ndani ya mwaka mmoja. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha haina haja ya kulazwa.

Ushauri wa kuunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumbani ulitoka Ulaya, katika vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Kwa chumba chetu cha nyuzi 29, chupa iliyokuwa nje ipozwe kwenye friji kwa dakika 40 hivi, la sivyo pombe itatangulia puani na kufunika harufu nyingine zote.

Mimina theluthi moja ya glasi, kisha uiinamishe juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau huonyesha mvinyo mchanga, na ukingo wenye rangi ya tofali huonyesha uliokomaa, au uliozeeshwa na joto. Nusa kwanza bila kutikisa, halafu zungusha glasi unuse tena. Unapoonja, utambue uchachu, ambao huleta mate pembeni mwa ulimi kama ukwaju, na ukakasi, ambao hukausha ufizi. Aliyewahi kung'ata bibo hahitaji kuelezwa ukakasi ni nini. Hesabu pia ladha inadumu muda gani baada ya kumeza, uandike pamoja na mwaka wa mavuno, kwa kuwa faida ya shamba moja huonekana unapolinganisha chupa ya mavuno haya na ya mengine.

Chakula chenye mafuta na chumvi hupunguza ukakasi, ndiyo maana mbuzi wa kuchoma hufaa sana, na korosho zilizokaangwa kwa chumvi hutosha kabisa wakati nyama ingali motoni. Pilipili iwe kidogo, maana huuzidisha ukali wa pombe. Samaki ndio mtihani: chuma kilichomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya vibua na kuacha shombo mdomoni. Pweza hana mafuta mengi, hivyo akichomwa na kukamuliwa ndimu hupatana na mvinyo mwepesi uliopozwa zaidi kidogo. Ukibakiza, rudisha kizibo, weka friji, na umalize ndani ya siku tatu.