Nyumba ya Bara ukiifunga, kodi haifungi

Wenzangu wa Unguja na Pemba wenye nyumba Dar, hili liwekeni akilini kabla hamjapanda boti. Kodi ya jengo kule hukatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla wa TANESCO, na tangu Julai 2023 kiwango ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mjini 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. (Msiutafute utaratibu huu kwenye Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla wa shirika la ZECO, ni wa Bara.)

Sasa nyumba ikikaa tupu, hakuna anayenunua umeme, wengi hudhani na kodi imelala. Haijalala ng'o! Kila mwezi deni linapanda. Siku mpangaji mpya anaingia, ananunua umeme wa elfu kumi, anapata yuniti za kuchekesha au hapati kitu, na simu ya kwanza inakuja kwako: "Bi mkubwa, mita yako mbovu." Mita nzima, hela imemezwa na deni la kodi. Ghorofa moja juu, yaani sakafu mbili, miezi minane: 120,000.

Dawa yake ni kumwachia jirani au dalali hela ya umeme kidogo kila mwezi. Mpangaji naye akikatwa, mrejeshee kwenye kodi ya pango, maana mdaiwa ni mwenye nyumba. Na kama nyumba moja ina mita mbili tatu, ripoti TRA mapema ibaki moja tu inayokatwa.