Kupima uhifadhi wa tungamo kwa siki na chupa ya soda

Katika skuli ninayofundisha hapa Chake Chake, somo hili, kwamba tungamo (kiasi cha maada) halipotei wala haliongezeki katika badiliko la kikemia, hulianzia kwenye tanuu la chokaa. Wanafunzi wengi wamekwisha kuona mawe ya matumbawe yakipangwa juu ya magogo, yakachomwa na kutoka mepesi, hivyo huamini kwamba moto umekula sehemu ya jiwe. Imani hiyo nimeona haiondoki mpaka mizani iwekwe mezani.

Tayarisha chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500 yenye kifuniko kisichovuja, mizani ya kielektroniki inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, neli ndogo ya majaribio inayopita mdomoni mwa chupa, mililita 50 za siki na gramu 2 za bekingi soda. Usitumie chupa ya kioo wala usizidishe soda, kwa kuwa gesi itaongeza shinikizo ndani.

Hatua ya kwanza: mimina siki chupani, tia soda ndani ya neli, kisha iteremshe taratibu isimame ikiegemea ubavu wa chupa bila ya siki kuingia. Kaza kifuniko, pima vyote kwa pamoja na uandike kipimo.

Hatua ya pili: inamisha chupa ili siki iifikie soda. Povu litapanda na chupa itakuwa ngumu ukiibonyeza. Subiri itulie, futa unyevu wa nje, upime tena. Kipimo kinapaswa kuwa kile kile. Kikipungua, tumbukiza shingo ya chupa majini utafute viputo.

Hatua ya tatu: legeza kifuniko polepole, gesi itoke, ukirudishe na upime. Gramu 84 za bekingi soda hutoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo gramu 2 hutoa gramu 1.05 hivi. Upungufu utakaousoma huwa mdogo kuliko huo, kwani sehemu ya gesi hubaki chupani na ndani ya siki.

Walimu wengi hupenda kufunga puto mdomoni mwa chupa, nami nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, kila mara mizani ikionesha upungufu hata pale ambapo hapakuwa na tundu lolote. Sababu ni kwamba puto likivimba husukuma hewa iliyokuwa mahali pake, na hewa inayolizunguka huliinua puto kuelekea juu: kila lita moja ya uvimbe hupunguza kipimo kwa zaidi kidogo ya gramu moja. Chupa isiyotanuka huondoa tatizo hilo. Antoine Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, naye, mwaka 1774, alichoma bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa; uzito haukubadilika mpaka alipokifungua na hewa ikaingia.

Hatua ya mwisho ni kurudi tanuuni. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe la matumbawe, huacha kilo 56 za chokaa mbichi, na kilo 44 hupanda hewani zikiwa kaboni dayoksaidi. Chokaa hiyo ikizimwa, yaani ikimwagiwa maji, hushika kilo 18 za maji hayo, ikawa kilo 74. Ikishapakwa ukutani hufyonza pole pole kilo 44 za gesi ile ile kutoka hewani, ikaachia maji yake na kurudi kilo 100. Mtake kila mwanafunzi achore mpaka kuzunguka jiwe peke yake, magogo yawe na hesabu yao mbali, aandike kwa kila hatua kilichouvuka mpaka huo na uzito wake.